Mhandisi Aliyewapa Watu Namba

Ukimtaka mtu, unamwombea kibali. Unataja namba yake, unapewa kijitabu cha kuponi za rangi ya waridi. Maabara imekwisha kukupima damu na kukupangia siku zako. Siku ikiwadia, unamkabidhi msimamizi wa jengo kuponi yako, anachukua kipande chake, nawe unaruhusiwa kuteremsha pazia kwa muda uliowekwa. Kuta zote ni za kioo. Saa nyingine zote jirani anakuona ukila, ukilala, ukivaa soksi. Huyo uliyemwombea hana la kukataa. Wala halimpitikii, kwa kuwa naye ana kijitabu chake, na sheria inasema kila mtu ni bidhaa iliyo wazi kwa mtu mwingine yeyote.

Ndivyo mapenzi yanavyoendeshwa katika *Sisi*, riwaya ambayo Yevgeny Zamyatin aliiandika mjini Petrograd kati ya 1920 na 1921. Msimulizi wake ni D-503, mwanahisabati na mjenzi mkuu wa chombo cha kwenda angani. Mwanamke aliyeandikishwa kwake ni O-90, na huyohuyo ameandikishwa kwa mshairi R-13. Wanaume hao wawili ni marafiki na hakuna anayemwonea mwenzake wivu. Wivu unamtaka mtu aseme "wangu", na katika Dola Pekee, nchi ya riwaya hii, hakuna wa kusema hivyo. Kila mtu ni wa wote, ndiyo kusema ni wa Dola.

Aghalabu riwaya hii hutajwa kama kitabu cha kumsema Lenin. Si uongo, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili inapatikana kaskazini mwa Uingereza, kwenye karakana za meli za mto Tyne.

Zamyatin alizaliwa 1884 Lebedyan, mji mdogo wa Urusi ya kati, mtoto wa padri. Alikwenda St. Petersburg kusomea uundaji wa meli katika Taasisi ya Politekniki, na huko, akiwa mwanafunzi, akajiunga na Wabolsheviki enzi ambazo kujiunga nao kulikuwa sawa na kujiandikisha jela. Jela haikukawia. Desemba 1905 alikamatwa, akafungiwa peke yake katika gereza la Shpalernaya kwa miezi kadhaa, kisha akaamriwa arudi kwao. Alirejea mjini kwa siri, akaishi kwa kujificha, akamaliza masomo, akawa mwalimu katika chuo kilekile. Haki ya kuishi mjini waziwazi aliipata 1913, kwa msamaha wa kuadhimisha miaka 300 ya ukoo wa Romanov. Mwaka uliofuata alichapisha hadithi kuhusu maofisa wa jeshi waliooza kwa pombe na uvivu katika kambi ya mbali. Serikali ya Tsar ikalikamata toleo zima la jarida lililoichapisha. Kwa hiyo aliujua udhibiti wa machapisho kabla Wabolsheviki hawajashika hata kiti kimoja.

Machi 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimepamba moto, alitumwa Newcastle. Urusi ilihitaji meli za kuvunja barafu ili bandari zake za kaskazini zisifungwe wakati wa baridi, na Waingereza ndio waliokuwa wakiziunda. Kazi ya Zamyatin ilikuwa kukagua michoro, kupanda juu ya mabamba ya chuma, kuhakikisha kilichoagizwa ndicho kinachoundwa. Meli moja aliyoisimamia kwa karibu baadaye ilipewa jina la Lenin. Nyingine aliyoishughulikia, iliyokuja kuitwa Krasin, ndiyo iliyovunja barafu mwaka 1928 kwenda kuwaokoa manusura wa chombo cha anga cha Mwitaliano Umberto Nobile. Ni vigumu kuikuta makala juu ya riwaya zake ikisimama kwenye meli hizo, na nadhani hilo ni kosa. Mtu anayesoma *Sisi* bila kujua kwamba aliyeiandika alishinda kutwa karakanani, ataona D-503 anadhihakiwa tu anapousifu uzuri wa mashine. Hadhihakiwi tu. Mwandishi mwenyewe aliupenda huo uzuri.

Alipanga Jesmond, mtaa wa watu wenye nafasi zao, wa nyumba zinazofanana kama chapa. Jumapili aliwatazama waungwana wakitoka kanisani, kofia zilezile, fimbo zilezile, akaandika kwa kejeli kana kwamba wote wametengenezwa kiwandani hapo mtaani. Kejeli hiyo imo katika *Wakazi wa Kisiwa*, hadithi ndefu aliyoiandika 1917. Mhusika wake mmoja ni mchungaji wa Kianglikana aitwaye Dewley, ambaye ameandika kitabu cha kuwaokoa watu kwa lazima. Dewley ana ratiba ya kila kitu ukutani: saa za kula, siku za toba, muda wa kutenda mema, muda wa kupunga hewa. Ipo na ratiba moja isiyo na kichwa cha habari, kwa staha ya mwenyewe. Hiyo inamhusu mkewe, na imetiwa alama Jumamosi ya kila wiki ya tatu.

Basi babu yake kuponi ya waridi si kamisaa mwenye bastola kiunoni. Ni mchungaji wa Kiingereza mwenye kalamu na rula.

Zamyatin alirudi nyumbani Septemba 1917, wiki chache kabla Wabolsheviki hawajatwaa madaraka. Yeye alikwisha kuachana na chama. Petrograd, jina jipya la St. Petersburg, katika miaka mitatu iliyofuata ilikuwa mji wa njaa. Watu walivunja samani na kuzitia motoni wapate joto, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia vijijini. Katikati ya ufukara huo kulizuka imani kubwa katika ratiba. Lenin mwenyewe mwaka 1918 alikuwa amehimiza yachunguzwe mafundisho ya Frederick Winslow Taylor, Mmarekani aliyesimama na saa mkononi kupima kila mkunjo wa mkono wa mfanyakazi. Trotsky, kiongozi mwenza wa Lenin, alitaka vibarua wapangwe kama askari, na mwaka 1920 vikaundwa vikosi vya jeshi vya kazi. Na alikuwepo Aleksei Gastev, mshairi na mfuasi mkubwa wa Taylor, aliyeandika mwaka 1919 kwamba katika ulimwengu ujao mfanyakazi ataweza kuitwa kwa herufi au tarakimu badala ya jina. Gastev hakuwa akitania. Alilitamani jambo hilo na aliliona ni zuri, na serikali ikampa taasisi ya kufanyia utafiti wa kazi. Dola hilohilo lilikuja kumuua mwaka 1939.

Zamyatin alichukua ndoto ya Gastev, akaipa miaka elfu na zaidi ikomae.

Katika Dola Pekee, Taylor ndiye mwenye hekima kuliko wahenga wote. D-503 anashangaa watu wa kale walijazaje maktaba kwa vitabu vya Kant huku huyu wakimpita bila kumwona. Jedwali la Saa linaning'inia katika kila chumba. Mamilioni wanaamka dakika moja, wanainua kijiko sekunde moja, wanatafuna kila tonge mara 50 kwa amri. Wanatembea barabarani wanne wanne, wamevaa sare ya buluu-kijivu, kifuani kila mmoja na namba yake ya dhahabu, muziki wa kiwanda ukiwapigia hatua. Hesabu ya Jedwali hilo bado ina dosari mbili, yaani saa mbili kwa siku ambazo kila mtu anajiamulia la kufanya, na D-503 ana hakika ipo siku na hizo zitapatiwa ufumbuzi. Nje ya Ukuta wa Kijani kuna mwitu ambao hakuna anayeukanyaga. Juu ya wote yuko Mfadhili, anayechaguliwa kila mwaka kwa kura ya kunyoosha mikono mbele ya watu wote, na hajawahi kukosa hata kura moja.

Kinachoumiza zaidi ni hali ya O-90. Amepungua sentimita 10 kufikia Kipimo cha Uzazi, kwa hiyo hana ruhusa ya kuzaa. Mikono yake ni minene, ina mkunjo kwenye kifundo kama wa mtoto mchanga. Anajua adhabu ya kuzaa bila kibali ni kifo, na bado anamwomba D-503 ampe mtoto, hata kama atakaa naye siku moja tu. Ukurasa huo hauna falsafa yoyote. Kuna mwanamke anayetaka kitu kimoja kisiandikwe katika daftari la serikali.

Msomaji wa huku kwetu ana sababu yake ya kutua hapa. Miaka hiyohiyo ambayo Zamyatin alikuwa akiwavisha wahusika wake namba kifuani, katika Kenya iliyotangazwa koloni mwaka 1920, wanaume Waafrika kuanzia miaka 16 walikuwa wakiandikishwa na kupewa kipande: karatasi yenye namba, alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, ikatiwa ndani ya kibweta cha bati na kuning'inizwa shingoni. Mtu akiacha kazi bila mwajiri kumtilia sahihi, ni kosa, na polisi humsaka kwa namba. Kipande kilikuwa moja ya malalamiko makubwa ya mwanaharakati Harry Thuku na wenzake, na Thuku alipokamatwa Machi 1922, watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiwe walimiminiwa risasi. Sisemi Zamyatin alizijua habari hizo. Nasema fikra ya kumgeuza mtu namba ili asipotee kwa mwenye mali yake haikuwa ya nchi moja wala ya itikadi moja, naye aliinusa vizuri. Chombo cha anga anachokiunda D-503, *Integrali*, kinakwenda sayari nyingine kuwapelekea viumbe wa huko furaha ya kihesabu. Wasipoielewa, watalazimishwa kufurahi. Hotuba ya namna hiyo mababu zetu waliisikia mara ngapi!

Karibu na mwisho wa kitabu kuna kisa kifupi ambacho D-503 anasema kila mtoto wa shule anakijua. Ni cha watu watatu walioachiwa huru. Kwa majaribio, namba tatu zilisamehewa kazi mwezi mzima: waende watakako, wafanye wapendalo. Maskini hao hawakwenda mbali. Walizungukazunguka pale pale walipozoea kufanyia kazi, wakichungulia ndani kwa macho ya njaa. Walisimama viwanjani kwa saa nyingi wakirudia kwa mikono mitupu miondoko ya kazi zao: wakikata hewa kwa msumeno usiokuwepo, wakigonga nyundo isiyoonekana kwenye chuma kisichoonekana. Siku ya kumi walishindwa. Walishikana mikono, wakaingia majini wakifuata mdundo wa gwaride, wakazidi kuzama hadi maji yalipowamalizia mateso yao.

D-503 anakisimulia kama mfano wa ubaya wa uhuru. Watoto wanafundishwa hivyo, na yeye anaamini hivyo. Hapo ndipo Zamyatin anapowapita, kwa maoni yangu, wengi waliomfuata. Hakuhitaji mijeledi ili aogofye. Alionyesha mtumwa aliyemaliza kufunzwa, ambaye pingu zikifunguliwa anazitafuta alikoziacha.

Hata hivyo, kitabu si cha kukata tamaa kwa watu wote. Mwanamke I-330, mvuta sigara na mnywa pombe katika nchi ambayo vyote viwili ni kosa, anamvuta D-503 katika uasi. Siku ya kura, maelfu ya mikono inanyooshwa kumpinga Mfadhili, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Dola linajibu kwa upasuaji: wataalamu wamegundua mahali ubongoni ambapo ndoto hukaa, na panachomwa kwa mionzi. D-503 anapasuliwa. Katika maandishi yake ya mwisho, ya 40, ameketi kando ya Mfadhili akimwangalia I-330 akiteswa ndani ya kengele ya kioo inayonyonywa hewa, naye anaona tu kwamba ni mandhari ya kupendeza. O-90 peke yake, akiwa na mimba yake, ndiye aliyefanikiwa kuvuka Ukuta.

Wadhibiti wa machapisho hawakupoteza muda: riwaya ikazuiwa. Zamyatin aliisoma kwa sauti kwenye mikutano ya waandishi, na nakala za mswada zikapita mkono kwa mkono, kwa hiyo ikawa kitabu maarufu ambacho hakuna duka lililokiuza. Agosti 1922 alikamatwa tena katika msako wa wasomi waliopangiwa kufukuzwa nchini. Walimpeleka gereza lilelile la Shpalernaya, kwenye ujia uleule aliofungwa chini ya Tsar. Baada ya wiki chache aliachiwa, na amri ya kumfukuza ikaahirishwa.

Kitabu kilitangulia kusafiri kuliko mwenyewe. Kilitoka kwanza kwa Kiingereza, New York, mwaka 1924, kwa tafsiri ya Gregory Zilboorg, mkimbizi aliyewahi kuhudumu katika serikali ya Kerensky, ile iliyopinduliwa na Wabolsheviki, na ambaye baadaye alijulikana kwa udaktari wa akili. Mwaka 1927 sehemu zake zikatokea kwa Kirusi huko Prague, katika jarida la wakimbizi lililohaririwa na Marc Slonim. Ili kumkinga mwandishi, Slonim alidai kwamba Kirusi hicho kimetafsiriwa upya kutoka Kicheki, na akaharibu baadhi ya sentensi kwa makusudi ili dai lisimame. Ujanja huo ulisaidia kwa miaka miwili. Mwaka 1929, Stalin akiwa amekwisha kulishika dola, magazeti yalimgeukia Zamyatin pamoja na mwandishi mwenzake Boris Pilnyak, ambaye kosa lake lilikuwa kitabu kilichochapishwa Berlin. Tamthilia za Zamyatin ziliondolewa jukwaani, vitabu vyake maktabani, na wachapishaji wakamfungia mlango. Pilnyak alijirudi, akaomba radhi. Alipigwa risasi mwaka 1938. Zamyatin hakuomba radhi. Alijitoa katika chama cha waandishi.

Juni 1931 alimwandikia Stalin barua. Wakati huo waandishi wengi walikuwa wakiandika barua za namna hiyo, nyingi zikiwa za kujidhalilisha. Rafiki yake Mikhail Bulgakov alikuwa ameandika mwaka uliotangulia. Alichopata ni simu ya Stalin na kazi ya ukumbi wa michezo, na nje ya nchi hakwenda hadi alipokufa. Barua ya Zamyatin ina sauti ya mhandisi anayewasilisha hesabu. Anaeleza kwamba kwa mwandishi kunyimwa kuandika ni hukumu ya kifo, kwamba hukumu hiyo imekwisha kutekelezwa juu yake, na anaomba ibadilishwe iwe ile adhabu nyingine iliyomo katika sheria, ya kufukuzwa nchini. Anakiri bila kuzungukazunguka kwamba ana tabia mbaya ya kusema lililo kweli badala ya lenye faida. Mwandishi Gorky alimwombea, na Stalin, kwa sababu ambazo wanahistoria bado wanabishania, akakubali. Novemba mwaka huo Zamyatin na mkewe Lyudmila waliondoka.

Miaka ya Paris, walikohamia, ilikuwa ya dhiki, na siyo ya fedha tu. Wakimbizi wa Kirusi walimtilia shaka kwa kuwa hakuwa mkimbizi: alibaki na pasipoti ya Kisovieti. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mwaka 1934, akiwa huko Ufaransa, aliomba uanachama wa Umoja mpya wa Waandishi wa Kisovieti, na akakubaliwa. Mtu aliyebuni namba zilizoachiwa huru zikashindwa kuondoka kwenye lango la kazi, naye hakuukata kabisa uzi. Simlaumu. Lugha aliyoandikia ilikuwa upande wa pili wa ukuta. Aliandika filamu ili apate kodi ya nyumba, ikiwemo ile ya Jean Renoir ya 1936 iliyotokana na tamthilia ya Gorky, na Machi 1937 moyo wake ukasimama. Alikuwa na miaka 53. Waliomzika walikuwa wachache.

Miaka tisa baadaye, Januari 1946, George Orwell alichapisha katika gazeti la *Tribune* uhakiki wa *Sisi*, kitabu ambacho kwa muda mrefu alikuwa akikitafuta bila kukipata. Alikisoma kwa Kifaransa. Aliona kwamba *Brave New World* ya Aldous Huxley, ya mwaka 1932, lazima ilichota humo, jambo ambalo Huxley alilikana. Aliona pia kwamba mwandishi hakulenga nchi moja, bali ustaarabu mzima wa viwanda na mashine, na hapo nadhani alimsoma sawasawa kuliko maadui na mashabiki wengi. Kisha akaketi kuandika yake, *1984*. Mifupa ya vitabu hivyo viwili inafanana: mtunza daftari la siri, mwanamke mwasi, chumba cha kale cha kukutania, kushindwa mwishoni. Tofauti ni kwamba Winston wa Orwell anajua tangu ukurasa wa kwanza kuwa amemilikiwa. D-503 anaanza kuandika ili amshukuru mwenye mali.

Wasomaji wa Kiswahili walimjua Orwell kwanza kwa *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka Nairobi mwaka 1967, na kupitia Orwell wengine wetu ndipo tulipofika kwa Mrusi huyu.

Kwa Kirusi, *Sisi* ilichapishwa yote, bila kukatwa wala kuharibiwa, mwaka 1952, na ilikuwa New York. Nyumbani ilisubiri hadi Gorbachev alipolegeza kamba. Jarida la *Znamya* la Moscow liliitoa kwa mafungu mawili, katika toleo la nne na la tano la 1988, mwaka uleule ambao *Daktari Zhivago* ya Pasternak nayo iliruhusiwa. Miaka mitatu baadaye Umoja wa Kisovieti haukuwepo tena.